Tumbo Linalosumbua Bila Kidonda: Nasaha kwa Mwezi wa Ramadhani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Mwezi mtukufu ukikaribia tunazoea kusikia mada juu ya fadhila za swaumu. Hayo masheikh wetu watatusomea, tena kwa elimu kubwa kuliko yangu. Mimi leo nataka kuzungumza juu ya tumbo. Usicheke. Nina sababu.

Yuko kijana anayefunga mchana kutwa bila shida. Jua la Mandera linamchoma naye amevumilia. Lakini nusu saa baada ya futari tumbo linamsokota kama nguo inayokamuliwa. Anakimbia chooni. Akirudi, tumbo limejaa upepo. Isha ikikimiwa amechukua udhu mara tatu. Kwenye tarawehe anasimama amejibana, jasho linamtoka, hata hasikii imamu anasoma nini. Usiku wa tano haendi msikitini. Nyumbani akiulizwa anasema amechoka, na wenzake wanasema ati amekuwa mvivu wa ibada. Yeye hawezi kusema ukweli, kwa sababu ukweli wenyewe ni habari za choo, na kwetu habari za choo hazisemwi mbele za watu.

Ndugu zangu, dini yetu haikuona haya namna hiyo. Salman al-Farsi (r.a.) aliulizwa kwa kejeli kama ni kweli Mtume (s.a.w.) anawafundisha mpaka adabu za chooni, naye akakubali bila kuinamisha kichwa. Basi na sisi tuseme. Mimi si daktari, ni mwanafunzi wa chuo kikuu tu. Ninayoyasema nimeyapata kwa kusoma, na kwa kukaa hosteli moja na mwenzangu mwenye maradhi haya.

MARADHI YENYEWE

Madaktari wanayaita kwa herufi tatu, IBS. Kwa Kiswahili chepesi tuseme ni utumbo wenye kukereka upesi. Mtu anapimwa damu, anapimwa choo, pengine anapigwa picha, na kila kitu kinaonekana kizima. Hakuna kidonda, hakuna mnyoo, hakuna uvimbe. Hapo ndipo watu humwambia, "Huna kitu wewe, ni mawazo tu." Si kweli. Utumbo ni mzima kwa umbo, lakini kazi yake imevurugika, na mishipa ya fahamu iliyo ndani yake inasikia kila kitu kwa nguvu. Ni kama redio iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho: redio si mbovu, lakini hata mnong'ono unakuwa kelele. Upepo kidogo ambao wewe huusikii, mwenzako unamkunja.

Vipimo walivyokubaliana wataalamu mwaka 2016 ni hivi. Mtu awe na maumivu ya tumbo kwa wastani angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zimeanza angalau miezi 6 nyuma. Tena katika mambo haya matatu awe na mawili au zaidi: maumivu yanahusiana na kwenda haja kubwa, idadi ya kwenda choo imebadilika, au namna ya choo imebadilika, kikawa kigumu au cha majimaji. Wengine huendesha, wengine hufunga choo, wengine leo hivi kesho vile.

Wala si maradhi ya mtu mmoja mmoja. Tafiti za nchi nyingi zinakadiria watu kati ya 4 na 10 katika kila watu wazima 100, kutegemea kipimo kinachotumika. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza ujanani. Habari njema ni kwamba hayageuki kuwa saratani wala hayapunguzi umri. Habari nzito ni kwamba hakuna kidonge kimoja kinachoyaondoa kabisa. Yanatawaliwa kwa chakula na mwenendo, na dawa husaidia pale daktari anapoona inafaa.

KILA TUMBO SI VIDONDA

Hapa kwetu mtu akishika tumbo tu, jina liko tayari. Akisema juu, ni vidonda vya tumbo. Akisema chini, ni amiba. Akiwa na joto kidogo, ni homa ya matumbo. Anaingia kemisti, ananunua vidonge vya kuua vijidudu, anapata nafuu siku mbili, yanarudi, ananunua tena. Mara nne, mara tano kwa mwaka, bila kupimwa hata mara moja. Pesa zimekwisha, na vijidudu vyema ambavyo Mwenyezi Mungu ameviweka tumboni kutusaidia kusaga chakula vimeuawa pamoja na vibaya. Wengine huambiwa ni sihiri. Kisomo cha Qur'ani ni shifa na hakuna anayekukataza, lakini kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hili ni la uhai. Usijiite mgonjwa wa IBS kwa kunisikiliza mimi. Ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, ukikonda bila sababu, ukipata homa ya kurudirudi, ukiamshwa usingizini na kuendesha, ukiishiwa damu, ukitapika mfululizo, ukihisi uvimbe tumboni, au tumbo likianza kukusumbua hivi baada ya kutimiza miaka 50, nenda hospitali upimwe. Vilevile kama kuna mtu wa damu yako aliyepata saratani ya utumbo. Kifua kikuu cha tumbo kipo. Homa ya maziwa mabichi, inayoitwa brusela, ipo kwa wafugaji. Hayo hayaponi kwa kubadilisha futari.

YANATOKA WAPI?

Tumbo na ubongo huzungumza mchana na usiku kupitia mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mtu akingoja matokeo ya mtihani tumbo linacheza. Kwa mwenye IBS mazungumzo hayo ni ya kugombana. Hofu inashuka tumboni, maumivu yanapanda kichwani, na kila moja inamchochea mwenziwe. Na sisi watu wa Kaskazini Mashariki hofu tumeionja. Kuna basi lililoshambuliwa likitoka Mandera Novemba 2014, kuna Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, kisha ukame wa kuanzia 2020 hadi 2023 uliomaliza mifugo. Sisemi kila tumbo linalouma ni la ajili hiyo. Nasema mwili unabeba yale ambayo ulimi haukuyasema.

Sababu nyingine ni maambukizi ya tumbo. Mwaka 2000 katika mji mdogo wa Walkerton, Canada, maji ya mfereji yalichafuka. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 wakafa. Watafiti waliwafuatilia, na miaka miwili mitatu baadaye zaidi ya robo ya waliougua walikuwa na dalili za IBS, hali katika wale ambao hawakuugua ilikuwa kama mtu 1 kwa 10. Vijidudu vimeondoka zamani, utumbo umebaki na kumbukumbu. Sasa fikiria mji wetu, ambapo maji hutoka mto Daua na visima, na wakati wa kiangazi huletwa kwa malori. Mwaka 2016 Mandera ilipigwa na kipindupindu na chikungunya kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kuchemsha maji au kuyatia dawa, na kunawa mikono kwa sabuni, si kujikinga na kuendesha kwa leo tu. Ni kuulinda utumbo wa mtoto wako kwa miaka ijayo.

FUTARI: TUANZE HAPA

Mwenzangu yule wa hosteli alidhani swaumu ndiyo inayomuumiza. Lakini angalia vizuri: mchana tumbo lake lilikuwa limetulia, na shida ilianza baada ya adhana ya magharibi. Inaeleweka. Mtu anapokula, tumbo hupeleka ishara kwenye utumbo mpana ujikaze na kusogeza kilichomo. Mlo ukiwa mkubwa na wenye mafuta mengi, ishara inakuwa kubwa. Hapa kwetu tunafunga kama saa 13 na nusu. Halafu kwa dakika kumi tunateremsha sambusa sita, bajia, mandazi, glasi mbili za juisi ya embe yenye sukari, maji ya barafu, kisha wali na nyama ya ngamia. Hata tumbo zima litalalamika, seuze tumbo lenye kukereka!

Mtume (s.a.w.) ametuelekeza kwamba mwanadamu yamtosha matonge machache, na akizidi basi agawe theluthi: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Tunaisoma hadithi hii madrasa tangu utotoni. Kwa mwenye IBS hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Jaribu hivi:

Kwanza, fungua kwa tende moja au tatu na maji yasiyo ya barafu. Sunna imetimia. Tende ina sukari nyingi, na sahani nzima ya tende inaleta upepo.

Pili, swali magharibi, kisha kula mlo wa wastani, polepole, ukitafuna. Anayekula mbiombio humeza na hewa.

Tatu, ukisikia njaa baada ya tarawehe, kula kidogo tena. Milo mitatu midogo, yaani futari, baada ya tarawehe na daku, ni bora kuliko mlo mmoja wa kushindana.

Nne, usiache daku. Ina baraka kwa mafundisho ya Mtume (s.a.w.), na kwa upande wa tumbo inapunguza ile njaa ya jioni inayomfanya mtu ashambulie sinia.

Tano, maji. Unahitaji kama vikombe 8 kuanzia magharibi mpaka alfajiri, lakini uyagawe, usiyamimine yote dakika ya mwisho. Anayefunga choo asipokunywa maji ataumia zaidi.

Sita, vya kukaanga viwe vya kuonja. Sambusa moja badala ya sita. Na ile basbaas ya kijani inayokaa kando yake iache kwa wenye matumbo ya chuma, kwa sababu pilipili huamsha mishipa ileile ya maumivu.

Saba, chai. Najua nimegusa pabaya! Chai yetu ni nzito, ina maziwa na sukari, na watu hunywa vikombe sita kwa usiku. Nasaha ya wataalamu ni vikombe visivyozidi 3 kwa siku, chai na kahawa pamoja. Soda nayo ni gesi iliyotiwa kwenye chupa, usiihamishie tumboni.

VYAKULA VYETU KIMOJA KIMOJA

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, walileta mpango wa chakula unaoitwa FODMAP. Maana yake kwa ufupi ni hii: kuna aina za sukari ambazo utumbo mwembamba haufyonzi vizuri. Zinavuta maji, zinashuka utumbo mpana, vijidudu vinazila na kutoa gesi. Mtu mzima hajali. Mwenye IBS anavimba na kuumia. Tuingie jikoni kwetu tuone.

Vitunguu maji na vitunguu saumu. Hivi ndivyo wakosaji wakubwa, navyo viko katika kila sufuria. Lakini kuna njia. Sukari ile huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa vya kitunguu katika mafuta, vitoe vyote, ndipo utie nyama na maji. Harufu na ladha zimebaki, kero imetoka. Majani mabichi ya kitunguu pia hayana neno.

Ngano. Mandazi, chapati, tambi na anjera ya unga mweupe huwasumbua wengi zikiliwa kwa wingi. Wali, ugali wa mahindi na viazi ni vyepesi zaidi. Anjera ya unga wa mahindi au mtama ni ya kujaribu.

Maharagwe. Cambuulo ya usiku, pamoja na mafuta ya simsim na sukari yake, ni tamu lakini ina upepo. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya, na ule kidogo.

Maziwa. Hapa sisi wafugaji tuna habari ya ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya wafugaji wa Kisomali wa Ethiopia ulionyesha kwamba wengi wao wakipimwa hawasagi sukari ya maziwa ipasavyo, na bado wanakunywa maziwa mengi kila siku bila taabu. Matumbo yao yamezoea. Kwa hiyo usiache maziwa kwa sababu tu umesoma mahali kuwa ni mabaya. Yaache wiki mbili, uone. Kama hakuna tofauti, rudi kwenye maziwa yako. Kama kuna nafuu, jaribu yaliyoganda, maana yaliyochachuka sukari yake imepungua. Kumbuka kuyachemsha kabla ya kuyagandisha, kwa ajili ya ile brusela.

Matunda. Mashamba ya kando ya Daua yanatupa maembe, matikiti, ndizi na mapapai. Embe na tikiti ndiyo yenye kero zaidi. Papai, chungwa, na ndizi isiyoiva sana ni nyepesi. Kipande kimoja kwa wakati, na sio juisi.

Nyama, samaki na mayai havina sukari hizo, shida huwa ni mafuta. Nyirinyiri iliyokaa kwenye samli basi uile kwa kiasi.

Na mwenye kufunga choo asikimbilie makapi ya ngano, yanaweza kumzidishia gesi. Maganda ya mbegu za isabgol, yanayouzwa madukani na kwenye kemisti, ni laini zaidi, mradi yanywewe na maji mengi, na kwa kuanza kidogo kidogo.

Tahadhari moja. Mpango huu wa Monash si wa maisha. Mtu huacha vyakula vile kwa wiki 2 hadi 6, kisha anavirudisha kimoja kimoja ili ajue adui yake hasa ni nani. Mama mjamzito, mtoto, na mtu aliyekonda wasiufanye bila mtaalamu. Wala usiuanze kwa ukali ndani ya Ramadhani. Mwezi huu punguza ukubwa wa mlo, mafuta, vitunguu na chai, inatosha. Chukua daftari la shule la kurasa 48, andika kila siku ulichokula, saa ngapi, tumbo lilifanya nini na moyo ulikuwaje. Baada ya wiki mbili daftari hilo litakwambia mengi kuliko mimi, na hata daktari atalifurahia.

ASALI JE?

Najua kuna anayesubiri kuniuliza. Asali imetajwa katika Qur'ani kuwa ndani yake mna shifa, na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu ampe asali nduguye aliyeumwa tumbo. Tunaamini hivyo bila shaka. Lakini Ibnul Qayyim alipoeleza hadithi hiyo alisema tumbo la mtu yule lilikuwa limeharibika kwa kujazana chakula, na asali ilikuja kulisafisha, tena kwa kipimo kilicholingana na maradhi yale. Maana yake dawa ina ugonjwa wake na ina kiasi chake. Asali ina sukari ya aina ileile inayoleta gesi, na wapo wenye IBS ambao vijiko vitatu vinawaumiza. Ukiwa miongoni mwao, kupunguza asali si kuikadhibisha hadithi. Ni kuifahamu.

UDHU NA SWALA

Hili ndilo linalowatoa vijana msikitini, kwa hiyo tusilipite haraka. Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi wanatufundisha mambo manne yenye faraja.

La kwanza, udhu hauvunjwi na shaka. Tumbo likinguruma au ukihisi kitu kinatembea ndani, uko na udhu wako mpaka uwe na yakini, kwa sauti au kwa harufu. Ni wangapi wanaotoka kwenye safu kwa wasiwasi tu?

La pili, kuswali huku unajibana haja ni makruhu. Nenda kajisaidie, urudi. Aliyekwenda chooni hakuikimbia swala, ameiheshimu.

La tatu, ambaye upepo haumkatikii hata kwa muda wa kutawadha na kuswali huyo ana udhuru. Anatawadha baada ya wakati kuingia, anaswali fardhi yake bila kuchelewesha, na kwa udhu huo anaswali sunna apendazo. Masharti yake ni ya ndani, kwa hiyo mwone sheikh umweleze hali yako kwa faragha.

La nne, tarawehe ni sunna, na nyumbani inaswaliwa. Simama safu karibu na mlango, swali rakaa unazoweza, nyingine kamilisha nyumbani. Usiache zote kwa kushindwa kumaliza zote.

USINGIZI, MWENDO NA MIRAA

Utumbo unapenda ratiba. Ramadhani wengi wetu tunageuza usiku kuwa mchana, tunapiga gumzo mpaka daku, kisha tunalala mpaka adhuhuri. Lala mapema baada ya tarawehe, hata kama ni saa nne tu, na uongeze kidogo mchana. Tembea kwenda msikitini badala ya kupanda bajaji. Uchunguzi uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa waliofanya mazoezi kwa wiki 12 walipata nafuu kuliko wenzao. Na hofu ikipanda, kaa, weka mkono juu ya tumbo, vuta pumzi polepole mpaka mkono uinuke, kisha itoe taratibu, kwa dakika tano. Haigharimu kitu.

Miraa hufunga choo, huondoa usingizi na hamu ya chakula. Anayekesha nayo baada ya futari halafu analia tumbo alfajiri ajue wapi pa kuanzia.

KWA FAMILIA

Mama zetu na dada zetu mnaotupikia, Mwenyezi Mungu awalipe. Sisi Wasomali mgeni asipokula tunaona ametudharau. Tunamwapia, "Kula, wallahi utakula!" Tafadhali, ukiona kijana amekula kidogo akasema alhamdulillahi, mwache. Mtolee wali wake pembeni kabla ya kutia mchuzi wenye vitunguu. Na kama mwanao anaogopa kula siku mbili kabla ya kupanda basi la Nairobi, safari ya kama kilomita 1,000, usimwite mwoga. Mwulize kwa upole. Neno moja la upole linaweza kumtoa mtu kwenye siri ya miaka.

Na nani asifunge? Wengi wenye IBS wanaweza kufunga, na wapo wanaotulia zaidi mwezi huu kwa sababu mlo una saa zake. Lakini ukiendesha mpaka kizunguzungu kikushike na mkojo ukauke, au daktari akikwambia usifunge, ruhusa ya mgonjwa iko katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, na siku hizo utazilipa. Ruhusa ni zawadi ya Mola, na zawadi haionewi haya. Dawa za hospitali usizihamishe wewe mwenyewe. Mwombe daktari akupangie za futari na za daku.

Ndugu zangu, tumbo ni amana kama amana nyingine. Ukimjua mwenzako aliyepotea msikitini mwezi huu, usiseme ni mvivu kabla hujamuuliza. Na ikiwa wewe ndiye, basi kabla ya mwezi kuandama tafuta daftari, umwone daktari, na uzungumze na mtu mmoja unayemwamini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atujaalie kuufikia mwezi wa Ramadhani tukiwa wazima, na atutakabalie swaumu, swala na subira zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.